Tuachie Sauti Yako

Mguu wa mama ulikuwa umetulia. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, kabla sijaiona mipira iliyoingia na kutoka mwilini mwake, na kabla sijaiona mashine iliyokuwa ikimsaidia kupumua.

Mama ni fundi cherehani. Mguu wake wa kulia umekanyaga cherehani miaka mingi mpaka umesahau kupumzika. Mtu akimsemesha, hata kama amekaa kwenye kochi na cherehani iko mbali, mguu unaanza wenyewe: juu, chini, juu, chini. Wateja wetu wanajua kwamba hapo anasikiliza. Mguu ukisimama, ujue umemchosha, na nguo yako itachelewa.

Sasa alikuwa amelala chali, amevishwa visikilizio vikubwa vyeusi. Waya ulishuka hadi kwenye kidude kidogo kilichobanwa kwenye mto. Ndani ya visikilizio hivyo, kwa jinsi nilivyoelewa, sauti yangu ilikuwa inazungumza naye. Lakini mguu chini ya shuka ulilala kama mguu wa mtu mwingine.

Nikajiambia: hawa watu wana jambo.

Kisa kilianza siku moja kabla ya operesheni, wodini, mama akiwa bado mzima wa mdomo. Alikuwa na uvimbe tumboni na ulitakiwa kutolewa. Akaja dada mmoja aliyevaa koti jeupe, kijana, mwenye tabasamu la kuomba radhi kabla hajakosa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtafiti, niko na madaktari wa usingizi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe usingizi nao unatafitiwa? Basi anza na kaka yangu huyu, amesomea kulala."

Mjomba alikuwa amesinzia kwenye kiti. Akafumbua jicho moja. "Nimepumzisha macho tu," akasema, kisha akatoka nje kutafuta chai.

Dada akacheka, akaanza kueleza. "Kesho utapewa nusu kaputi..."

"Nusu?" mama akamkatiza. "Nipe kaputi nzima, mwanangu. Sitaki kuusikia mkasi. Mkasi naujua mimi."

"Ni jina tu, mama. Utalala kabisa, hutasikia kitu." Kisha akasema kwamba watu wengi wakitoka kwenye operesheni kubwa huamka wamechanganyikiwa. Wengine hawajui wako wapi, wengine wanawakataa watoto wao, wengine wanadhani manesi ni wezi. Aghalabu hupita, lakini kwa wengine hukaa. Wao walitaka kujua kama sauti ya mtu wa nyumbani, ikirekodiwa na kuwekwa masikioni, inamsaidia mgonjwa kurudi mapema. "Nusu wanawekewa sauti, nusu hawawekewi. Nani yuko nusu ipi, hata mimi sijui, na sitakiwi kujua. Wote tutawavisha visikilizio."

Mama akasema sawa, kama inasaidia watu hana neno. Mimi nilisikia nusu, nusu, na nusu. Nilikuwa na woga wa kesho yake, na zile nusu zote zikaingia kichwani mwangu kwa mlango mmoja. Nilipaswa kuuliza. Lakini mimi si mtu wa kuuliza.

Dada akanigeukia. "Wewe ndiye mwanawe? Basi tuachie sauti yako."

"Ya huyu?" mama akasema. "Mimi niliyemzaa naisikia mwezi ukiandama. Wateja wananiuliza kama mtoto wangu ana ulimi, nawaambia anao, ila ameuweka akiba." Kisha akanishika mkono, akasema lile neno ambalo huniambia mimi peke yangu, tangu nikiwa mtoto nikijificha nyuma ya gauni lake: "Nenda. Sema kwa sauti. Maneno hayang'ati."

Dada alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye ndoo na mafagio, maana ndicho pekee kilichokuwa kimya. Akanipa karatasi ya maneno ya kusoma. Niliacha shule darasa la tano, na katika vitu ambavyo sikuvililia, kusoma kwa sauti mbele ya mtu ni cha kwanza. Nikayakariri kwanza, ndipo nikayasema: "Mama, ni mimi mwanao. Uko hospitali. Operesheni imekwisha. Uko salama. Mimi niko hapa." Niliyasema kama mtu anayefikisha salamu za jirani.

"Ongeza chochote cha kwenu," dada akasema. "Kitu anachokijua."

Nikatikisa kichwa.

Nikarudi nyumbani nimepata nafuu ambayo sikuitegemea. Sauti nimewaachia wao. Kazi ya kusema ingefanywa na kile kidude, na mimi ningebaki na kazi ninazoziweza: kumkunjia mama shuka, kumpaka mafuta miguuni, kusimama.

Ndivyo nilivyofanya. Kila saa ya kuona wagonjwa ilipofika niliingia, nikasimama kando ya kitanda, nikaangalia mguu. Sikufungua mdomo. Nilidhani sauti mbili zingegongana masikioni mwake.

Mguu haukutikisika.

Basi nikaanza kuona na mengine. Niliona kwamba dada wa utafiti akija, kwanza anavifuta visikilizio kwa spiriti, kisha anakigeuza kile kidude taa yake itazame ukutani. Kwa nini taa isionekane? Niliona anamnong'oneza nesi, na nesi ananitazama mimi. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba ndugu wasiguse vifaa. Vifaa vyote, au kile kimoja?

Kwenye benchi la nje nilimweleza mjomba, kidogo kidogo, maana hata yeye huwa namwambia maneno machache. Mjomba ni mlinzi wa ghala. Aliposikia tu neno "nusu" akakaa wima.

"Subiri. Nusu kaputi naijua. Hii nusu nyingine ni ya nini?"

"Nusu wanapata, nusu hawapati."

"Hawapati nini?"

Sikuwa na hakika tena.

"Mpwa wangu, mimi nimelinda ghala tangu hujazaliwa. Mtu akikuambia kuna nusu, muulize nusu ya pili iko kwa nani. Mama yako amelala hajitikisi. Wamempa dawa nusu, au wamempa nusu zaidi? Na sauti yako je? Umewapa bure?"

"Walisema niwaachie."

"Waachie! Kitu ukiachiwa unakirudisha?" Akapiga paja. "Usiposema, utaonekana umekubali. Na wewe kusema, mh."

Ile "mh" ilinichoma kuliko mengine yote.

Kisha mpira wa kupumulia ukatolewa, mama akafumbua macho. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Macho yalikuwa yake, lakini aliyekuwa akitazama kupitia macho hayo hakuwa yeye. Aliangalia dari, akaangalia mikono yake iliyofungwa kwa vitambaa laini asije akang'oa mipira, akaniangalia mimi.

"Mkasi wangu uko wapi?"

Nikasogea.

"Wewe ni nani?" Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na ule mpira. Akaitazama nguo yangu kutoka shingoni hadi chini. "Hicho kitambaa umekitoa wapi? Hicho cha mwanangu."

Nilikuwa nimevaa gauni la kahawia. Nguo zangu zote ni za kahawia. Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka duka la vitambaa, akaniambia nichague mwenyewe, nikanyoosha kidole. "Kahawia!" akasema, akafurahi mno mbele ya muuzaji. "Mtoto ana akili ya mtu mzima. Haionyeshi uchafu." Tangu siku ile amenishonea kahawia, na kila mteja ameelezwa kwamba binti yake hapendi rangi nyingine.

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka.

"Mnaona?" mama akawaambia watu ambao hawakuwepo. "Hana la kusema. Ndiye mwizi."

Nesi akanivuta pembeni. Alikuwa mtu mzima, mkavu wa maneno lakini si mbaya. "Usiyaweke moyoni, mdogo wangu. Siye anayesema. Ni ubongo haujatulia."

Nikamtazama tu.

"Wengi hurudi," akasema, akijibu swali ambalo sikuliuliza. "Ila lazima ale. Amekataa maziwa, amekataa hata maji. Anasema tumeyatilia kitu. Akiendelea hivi tutamwekea mpira wa chakula puani, na huo atataka kuung'oa, kwa hiyo mikono itabaki imefungwa. Akifungwa anazidi kuogopa. Akizidi kuogopa, anazidi kupotea."

Akanigeukia. "Wewe ni mtoto wake. Huna la kumwambia?"

Mimi si nimeshamwambia? Nikatazama visikilizio. Vilikuwa vimening'inia juu ya mto, vikingoja saa yake ya kuvishwa.

Mchana huo dada wa utafiti alikuja kumpima. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza, na nilichosikia kilimaliza kabisa imani yangu.

"Mama, jiwe linaweza kuelea juu ya maji?"

Kisha mama: "Kwani unataka kunivusha mto?"

"Nijibu tu, mama. Ndiyo au hapana. Baharini kuna samaki?"

"Kumbe na wewe umetumwa."

Mjomba aliponisikia nikimsimulia, alishika kichwa. "Jiwe lielee? Hayo ni maswali ya kumuuliza fundi mwenye akili zake? Huyo anampoteza makusudi. Wanamtazama anavyopotea, wanaandika. Leo lazima tujue."

Kujua kuna njia nyingi, na mjomba angechagua ya kelele. Mimi nilichagua yangu. Mama alipovishwa visikilizio na kusinzia, dada akatoka, nesi akawa kwenye kitanda cha mbali, nilinyanyua upande mmoja polepole, nikauweka kwenye sikio langu.

Hapakuwa na kitu.

Nikangoja, labda sauti inapumua kati ya maneno. Nikajaribu upande wa pili. Hapakuwa na mimi. Hapakuwa na "mama, ni mimi mwanao". Palikuwa na ule mvumo wa sikio lenyewe, kama ndani ya sufuria tupu.

"Wewe! Hicho hakiguswi!"

Dada wa utafiti alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na rangi imemtoka. Na mimi, sijui ni nani aliyenisukuma, nikasema kwa sauti ambayo hata nesi aligeuka:

"Sauti yangu iko wapi?"

Akaja mbio, akakitazama kidude, akanitazama. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Mmeipeleka wapi? Mmempa nini? Mlisema nusu. Nusu ya pili iko kwa nani?"

Akafumba macho kidogo. Nilidhani atakana, nikamwangalia midomo. Lakini alikaa kwenye kiti changu, kama mtu aliyedondokewa na sahani.

"Basi yuko nusu ya kimya," akasema. "Nilikuwa sijui. Nilikuambieni siku ile, nusu wanawekewa sauti, nusu hawawekewi kitu. Tusipolinganisha hatutajua kama sauti inasaidia. Anayepanga yuko ofisi nyingine, wala hawajui wagonjwa. Taa naigeuza ukutani ili nisione kama inacheza au haichezi, nisije nikampima kwa upendeleo. Sasa nimejua. Itabidi niripoti."

"Na dawa?"

"Dawa gani?"

"Dawa ya usingizi. Mlimpa nusu?"

Akaniangalia, na niliona anaanza kuelewa nilikopotelea. "Hapana, mdogo wangu. Dawa kapewa kamili kama kila mtu. Nusu ni ya wagonjwa, si ya dawa."

"Na jiwe?"

"Ndivyo tunavyopima kama akili imetulia. Akijibu hapana, tunajua anarudi. Hajajibu bado." Akainua mikono. "Ukitaka tumtoe kwenye utafiti, sema tu. Matibabu yake hayabadiliki hata kidogo."

Sikumwamini. Nasema kweli, hata alivyoeleza vizuri hivyo, nilikuwa natafuta palipotoboka. Mtu anayeeleza vizuri ndiye wa kuogopa, mjomba husema hivyo, na ghala lake halijawahi kuibiwa. Lakini dada akauliza kitu ambacho mwongo hana haja nacho.

"Siku zote hizi ukija hapa, unamwambia nini?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Ukisimama hapo. Mnaongea nini?"

"Si niliwaachia ninyi."

Hakucheka. Angecheka, ningetoka na nisingerudi. Akasema taratibu, "Sisi tulichukua nakala. Yenyewe unayo. Nani alikukataza kusema naye?"

Hakuna aliyenikataza. Nilipekua kichwani, nikitafuta tangazo, nesi, daktari, mtu yeyote wa kumlaumu. Tangazo lilisema tusiguse. Halikusema tusiseme. Mama alikuwa amewekewa kimya masikioni, na kando ya kitanda akawekewa kimya kingine, mimi.

"Vitoe," nikamwambia. Akavitoa, akavizungushia waya, akaondoka navyo. Kwenye pazia aligeuka, nikadhani anataka kusema neno, lakini alilifunga tu. Bado nilijiuliza kama atasimama nyuma yake asikilize. Nikaamua asikilize kama anataka.

Nikakaa karibu na sikio la mama. Nikaanza na nililokuwa nalo.

"Mama, ni mimi mwanao. Uko hospitali. Operesheni imekwisha."

Mguu kimya. Ningekuwa mimi ndiye mguu, na mimi nisingetikisika. Ilikuwa karatasi inazungumza.

Nikayaacha ya karatasi. "Yule mama mwenye duka la viatu amekuja mara mbili. Anasema nguo ya harusi ya mwanawe kiuno kimebana. Nimemwambia... sikumwambia kitu. Nimeipokea tu. Nimeifumua. Umeshona vizuri, Mama, mwanawe ndiye amenenepa."

Chini ya shuka, kitu kikajongea. Nikadhani ni upepo wa feni.

"Cherehani inakula uzi. Nimeitia mafuta, bado inakula. Mjomba anasema imekususia. Mjomba mwenyewe amelala nje kwenye benchi, anapumzisha macho."

Juu. Chini. Polepole, kama mtu anayejaribu cherehani ya watu. Juu, chini.

Mama akafumbua macho. Nesi alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe cha maziwa, hapumui.

"Nani wewe?" mama akauliza.

"Mwanao."

"Wote wanasema hivyo." Macho yake yalikuwa makali, ya mtu anayekagua noti. "Kama wewe ni mwanangu, mwanangu anapenda rangi gani?"

"Kahawia."

Niliona nesi anatabasamu. Jibu lilikuwa sahihi, kila mteja wetu angelijibu. Na hilo ndilo lililotuponza.

"Ah!" mama akasema. "Umevaa kahawia, utasema nini kingine? Hilo hata huyu wa maziwa angelijua." Mguu ukaanza kupunguza mwendo. "Ondoa kikombe chako. Na wewe, mwizi, vua nguo ya mtoto wangu."

"Mama..."

"Niambie kitu ambacho watu hawakijui. Kitu ambacho hakuna aliyekutuma nacho."

Nesi akaniangalia. Nyuma ya pazia kiatu kilisogea, kwa hiyo dada alikuwepo, nilikuwa nimemhisi vyema. Nilitafuta haraka: siri ya nyumbani, neno la utotoni, kitu cha marehemu baba. Lakini mama ni msemaji. Kila kitu cha nyumbani kwetu amekisema kwa wateja. Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakuna mtu aliyekijua, kwa sababu mwenye nacho hakuwahi kukitoa, hata kwake. Na kilikuwa kitu cha kumfanya anikatae kabisa.

Nikamwambia, chini chini, kwenye sikio.

Mguu ukasimama. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama shuka. Kisha mkunjo ukaja kati ya nyusi zake, ule mkunjo wa kuona mshono umekwenda upande, na sauti yake iliyokwaruzwa ikasema:

"Sijasikia. Sema kwa sauti. Maneno hayang'ati."

Hilo hakumwambia mtu mwingine yeyote maishani mwake. Mkono wake, ndani ya kile kitambaa, ulikuwa unatafuta wangu. Nikaushika. Nikainua uso, nikasema mbele ya nesi, mbele ya aliyekuwa nyuma ya pazia, na mbele ya mjomba aliyekuwa amechungulia mlangoni kwa jicho moja:

"Siku ile dukani kidole changu kilikuwa kinaonyesha bluu, Mama. Kahawia siipendi. Sijawahi kuipenda."